Bishop Auckland FC, klabu ya Bluu Mbili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi huikuta klabu hii kwa njia ya kando. Mmoja anafuatilia maisha ya Bob Paisley wa Liverpool, mwingine anasoma habari za ajali ya ndege ya Manchester United kule Munich, na wote wawili wanashangaa kukuta jina la timu moja ya mji mdogo wa makaa ya mawe. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Anayeujua msingi aruke moja kwa moja hadi swali la 7, ndipo utamu unapoanzia.

## Misingi

1. Bishop Auckland ni klabu ya wapi?

Ni ya mji wenye jina hilohilo, Bishop Auckland, katika kaunti ya Durham, kaskazini-mashariki mwa England. Mji uko kando ya mto Wear na una wakazi wapatao 25,000. Kwa miaka mingi watu wa eneo lile waliishi kwa makaa ya mawe na reli. Jina la mji linatokana na askofu wa Durham, ambaye kasri lake lilikuwa pale kwa karne nyingi. Kasri hilo linaingia kwenye habari za soka pia, kama utakavyoona swali la 3.

Sifa ya klabu ni moja kubwa: ilitwaa Kombe la Ridhaa la England mara 10 na kufika fainali mara 18. Hakuna aliyeifikia. Waliofuata, Clapton na Crook Town, walilitwaa mara tano tano tu.

2. "Ridhaa" hapa ina maana gani? Ni timu dhaifu?

Hapana, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Siku hizi tukisema soka la ridhaa tunafikiria ligi ya wilaya, uwanja wa vumbi na refa aliyechelewa. Katika England ya zamani ridhaa ilikuwa hadhi ya kisheria. Mchezaji aliandikishwa ama kuwa wa kulipwa ama wa ridhaa, na wa ridhaa hakuruhusiwa kupokea mshahara wa kucheza mpira. Alirudishiwa gharama zake tu: nauli, chakula cha safarini, na pengine fidia ya siku ya kazi aliyoikosa.

Kwa hiyo mtu angeweza kuwa mwalimu wa shule, mchimba makaa au mfanyabiashara, na bado akawa na kiwango cha kuchezea timu ya Daraja la Kwanza, ligi ya juu kabisa ya zama hizo. Wapo waliofanya hivyo hasa (maswali ya 11 na 12).

3. Ilianzishwa lini, na nani?

Chanzo ni wanafunzi wa dini. Askofu Joseph Lightfoot, aliyekuwa Durham kuanzia 1879 hadi 1889, alikuwa akiwakaribisha kasrini vijana waliohitimu Oxford na Cambridge ili awaandae kuwa mapadri wa Kianglikana. Vijana hao walikuja na mpira wao. Kutokana na harakati hizo ikazaliwa timu ya taasisi ya kanisa mwaka 1882, na mgawanyiko wa 1886 ukazaa klabu iliyoitwa Auckland Town. Ndiyo baadaye iliyochukua jina la Bishop Auckland.

Ukikuta mahali pameandikwa 1882 na pengine 1886, hakuna aliyekosea. Mmoja anahesabu tangu mbegu, mwingine tangu chipukizi. Klabu yenyewe huhesabu 1886.

Mwaka 1889 Auckland Town ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Northern League, ligi ya pili kwa ukongwe duniani kati ya zile ambazo bado ziko hai. Bishop Auckland imeutwaa ubingwa wake mara 19.

4. Kwa nini wanaitwa Bluu Mbili?

Jezi zao ni bluu ya mwanga na bluu iliyokolea. Cambridge huvaa ya mwanga, Oxford huvaa iliyokolea, na wale vijana wa kasrini walitoka huko. Wachimba makaa wakarithi rangi za vyuo ambavyo wengi wao wasingeweza hata kulipia nauli ya kwenda kuviona.

Kuna kejeli ndani yake. Mwaka 1951, mbele ya watu 100,000 pale Wembley, Bishop Auckland walifungwa 2–1 kwenye fainali na Pegasus, timu iliyoundwa 1948 kwa kuunganisha wachezaji wa Oxford na Cambridge. Wenye rangi walikuja kuzidai.

5. Ndiyo ile timu ya wachimba makaa iliyotwaa "Kombe la Dunia la kwanza"?

Siyo. Hiyo ni West Auckland, kijiji cha jirani kilomita chache tu kutoka hapo, na majina ndiyo yanayowachanganya watu. Hata hivyo kisa chao kinastahili kusimuliwa, maana swali hili haliishi.

Mfanyabiashara wa chai Sir Thomas Lipton alitoa kombe la mashindano yaliyochezwa Turin, Italia, mwaka 1909. West Auckland wakaiwakilisha England, wakaifunga timu ya Stuttgart 2–0 na Winterthur ya Uswisi 2–0. Mwaka 1911 wakarudi kulitetea, na kwenye fainali wakaichapa Juventus 6–1. Naam, Juventus hiyohiyo. Safari iliwaacha na madeni, wakaliweka kombe rehani kwa mama mwenye hoteli ya kijijini kwa pauni 40. Likakombolewa 1960 kwa pauni 100. Mwaka 1994 likaibwa, na linaloonekana sasa ni nakala.

Ile hadithi kwamba walialikwa kwa makosa, kwa kuwa herufi W.A. zilidhaniwa ni za Woolwich Arsenal, ni tamu mno kiasi cha kutia shaka. Mimi naichukulia kama porojo mpaka atokee mtu na barua mkononi. Na "Kombe la Dunia" ni jina la kupamba: zilikuwa timu nne tu.

## Kombe la Ridhaa

6. Kombe la Ridhaa lilikuwa kombe gani?

Lilianzishwa na Chama cha Soka cha England, FA, msimu wa 1893/94. Wakati huo timu za kulipwa zilikuwa zimeliteka Kombe la FA lenyewe, na wasiolipwa hawakuwa na pa kutokea. Likachezwa hadi 1974. Kuanzia 1949 fainali ilikuwa Wembley, na kwa miaka kadhaa baada ya vita ilijaza uwanja sawasawa na fainali ya wenye mishahara.

Bishop Auckland walilibeba 1896, 1900, 1914, 1921, 1922, 1935, 1939, 1955, 1956 na 1957. Fainali nane walizopoteza ni za 1902, 1906, 1911, 1915, 1946, 1950, 1951 na 1954. Tazama vizuri miaka minne ya mwisho katika orodha hiyo ya kushindwa. Kati ya 1946 na 1954 walifika fainali mara nne na kurudi mikono mitupu mara zote nne. Mwaka 1950 walichapwa 4–0 na Willington, timu iliyo karibu na kwao kiasi kwamba mashabiki wa pande zote mbili walifanya kazi pamoja. Walioiona miaka hiyo hawakuiita timu ya makombe.

7. Ni kweli fainali ya 1954 ilichezwa mara tatu?

Ni kweli, na ukiuliza mzee yeyote wa Durham kuhusu soka la ridhaa atakuanzia hapo.

Wapinzani walikuwa Crook Town, mji mdogo kaskazini tu mwa Bishop Auckland, mwendo wa basi fupi. Miji miwili ya makaa, majirani, wakwe, mahasimu, wote wakafunga safari ya kwenda London kushindana. Wembley ilijaa watu 100,000. Mapema kwenye mchezo Jimmy Nimmins wa Bishop Auckland akavunjika mguu. Zama zile hakukuwa na mchezaji wa akiba, kwa hiyo Bishop wakamaliza wakiwa kumi. Hata hivyo dakika za nyongeza ziliisha 2–2.

Mchezo wa marudiano ulipelekwa St James' Park, Newcastle, na watazamaji zaidi ya 56,000 wakaingia. Tena 2–2. Mara ya tatu wakakutana Ayresome Park, Middlesbrough, mbele ya zaidi ya watu 36,000, na Crook wakashinda 1–0.

Jumlisha mwenyewe: zaidi ya watu 190,000 walilipa kiingilio kuona timu mbili za miji ambayo yote kwa pamoja isingeweza kuijaza Wembley, na hakuna mchezaji hata mmoja uwanjani aliyekuwa akilipwa. Angalau kwa maandishi. Kuhusu hilo nenda swali la 13.

8. Waliwezaje kutwaa mara tatu mfululizo baada ya hapo?

Hakuna klabu nyingine iliyolitwaa kombe hilo mara tatu mfululizo. Mwaka 1955 waliifunga Hendon 2–0. Mwaka 1956 walitoka sare 1–1 na Corinthian-Casuals, kisha wakawatandika 4–1 kwenye marudiano. Mwaka 1957 ikawa zamu ya Wycombe Wanderers, 3–1.

Sehemu ya jibu ni subira. Kiini cha kikosi kile ndicho kilicholia 1954, na baadhi walikuwepo tangu machozi ya mwanzo. Sehemu nyingine ni kwamba klabu iliacha kutegemea vijana wa mjini peke yao. Mashujaa wa miaka ile walikuja Jumamosi kwa treni na gari kutoka Lancashire, Carlisle na kwingineko, wakacheza, wakaondoka. Golini alikuwa Harry Sharratt, mwalimu wa shule mwenye vituko, ambaye inasimuliwa kwamba siku moja ya baridi, mpira ukiwa upande wa pili, alijenga sanamu ya theluji kwenye mstari wa goli lake.

9. Je, waliwahi kuzisumbua timu za kulipwa?

Msimu wa 1954/55, ndiyo. Katika Kombe la FA waliifunga Crystal Palace 4–2. Raundi ya tatu wakaenda kwa Ipswich Town, timu ya Daraja la Pili, wakatoka 2–2, wakawaleta nyumbani Kingsway na kuwapiga 3–0. Wakatolewa raundi ya nne na York City, 3–1. York hao waliendelea hadi nusu fainali mwaka uleule, kwa hiyo haikuwa aibu.

## Watu

10. Bob Paisley alichezea kweli klabu hii?

Ndiyo, kabla ya Liverpool. Paisley alitoka Hetton-le-Hole, kaunti hiyohiyo ya Durham, na alifanya kazi ya ujenzi huku akicheza ridhaa. Msimu wa 1938/39 Bishop Auckland walibeba ubingwa wa ligi, kombe la kaunti na Kombe la Ridhaa, wakiifunga Willington 3–0 katika fainali iliyoamuliwa dakika za nyongeza. Mwezi uliofuata Paisley akasaini Liverpool, na miezi michache baadaye vita ikaanza.

Mengine shabiki wa Liverpool anayajua: kocha kuanzia 1974 hadi 1983, Kombe la Ulaya mara tatu, ubingwa wa England mara sita.

11. Uhusiano na ajali ya Munich ni upi hasa?

Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyowabeba Manchester United ilianguka Munich. Watu 23 walifariki, wanane kati yao wachezaji. United ilipaswa kuendelea kucheza, na kikosi cha akiba kilikuwa kimepandishwa kujaza mapengo ya kikosi cha kwanza. Nani basi angecheza akiba?

Bishop Auckland wakawatoa watatu: Bob Hardisty, Derek Lewin na Warren Bradley. Si kwamba klabu ilichaguliwa kwa bahati nasibu. Hardisty, kiungo mwenye upara na nahodha wa mioyo ya watu wa mji ule, alikuwa amechezea Uingereza kwenye Olimpiki ya London 1948, na kocha wa timu ile alikuwa Matt Busby mwenyewe, kocha wa United. Alikuwa ameshastaafu baada ya fainali ya 1957. Alipoombwa, alichukua viatu vyake.

Hardisty na Lewin walisaidia kikosi cha akiba kisha wakarudi kwenye maisha yao. Bradley, winga mfupi mwenye kasi, alibaki. Novemba 1958 aliingia kikosi cha kwanza, na 1959 akaichezea timu ya taifa ya England mechi tatu na kufunga mabao mawili. Muda wote huo hakuacha kufundisha shule, na baadaye akawa mwalimu mkuu.

Mara nyingine husimuliwa kwamba "Bishop Auckland iliiokoa United". Ni kutia chumvi. Walijaza nafasi tatu wakati nafasi tatu zilikuwa kitu kikubwa. Inatosha kusema hivyo.

12. Seamus O'Connell alichezaje Chelsea na Bishop Auckland kwa wakati mmoja?

Sheria iliruhusu. Mchezaji wa ridhaa hakufungwa na mkataba wa ajira, hivyo angeweza kuandikishwa na klabu zaidi ya moja. O'Connell alitoka familia ya wafanyabiashara wa ng'ombe kule Carlisle. Oktoba 1954, mechi yake ya kwanza Chelsea, alifunga mabao matatu dhidi ya Manchester United, na bado Chelsea wakafungwa 6–5. Msimu ulipokwisha Chelsea walikuwa mabingwa wa England, na Bishop Auckland walikuwa na Kombe la Ridhaa. Alikuwa na mchango katika yote mawili, kisha akarudi kwenye ng'ombe.

## Hela

13. Tuseme ukweli: hawakulipwa kabisa?

Kwa maandishi, hapana. Kwa uhalisia, soka la ridhaa la kaskazini-mashariki lilijaa bahasha. Mchezaji alimaliza mechi, akaenda kuvaa, akakuta noti ndani ya kiatu. Au aliandika nauli ya safari ndefu kuliko aliyosafiri. Anayejua jinsi neno "posho" linavyoweza kunyooshwa hahitaji maelezo zaidi.

Wakubwa walijua. Mwaka 1928 kulitokea kashfa iliyoanzia kwenye mzozo wa malipo uliowahusu Crook Town. Ilipochimbuliwa, chama cha soka cha Durham kikajikuta kinawafungia wachezaji zaidi ya 300 kwa kupokea zaidi ya gharama halali. Fikiria ni timu ngapi hizo, katika kaunti moja.

Lakini usikimbilie kuwaita wanafiki. Hadi Januari 1961 mshahara wa mchezaji wa kulipwa England ulikuwa na kikomo, na kikomo cha mwisho kilikuwa pauni 20 kwa wiki. Mwalimu au mfanyabiashara aliyekuwa na kazi yake, pensheni yake na bahasha ndogo ya Jumamosi hakuwa na sababu ya kuviacha ili awe mwajiriwa wa klabu, auzwe wakati wowote na kutupwa akifika miaka 33. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoifanya Bishop Auckland kuwa kubwa, kuliko mapenzi ya mji na kuliko moyo wa kujitolea: kikomo cha mshahara kiliwabakiza wachezaji wazuri kwenye ridhaa.

14. Kwa nini basi kombe lilifutwa?

Kikomo kilipoondolewa 1961, hesabu ya swali la 13 ikageuka, na aliyekuwa na kipaji akaenda kwenye mshahara. Migodi nayo ikaanza kufungwa, na televisheni ikamkalisha mtazamaji nyumbani. Mwaka 1974 FA ikafuta kabisa tofauti kati ya mchezaji wa ridhaa na wa kulipwa: wote wakaitwa wachezaji, basi. Kombe likakosa maana. Bingwa wa mwisho alikuwa Bishop's Stortford, ambao licha ya jina hawahusiani kabisa na Bishop Auckland. (Ndiyo, hilo nalo huulizwa.)

## Baada ya makombe

15. Kingsway iko wapi sasa?

Kingsway ulikuwa uwanja wa katikati ya mji, ukitumiwa pamoja na klabu ya kriketi. Kwa sababu ya kriketi upande mmoja ulikuwa wazi, hivyo mashabiki walizunguka pande tatu tu. Klabu iliondoka 2001, ikahangaika kwa miaka karibu tisa ikiazima viwanja vya majirani, mpaka Heritage Park ulipofunguliwa 2010.

Kwenye ligi, waliiacha Northern League mwaka 1988 kupanda juu zaidi, na mwaka 2006 wakarudi walikotoka.

16. Manchester United waliwahi kulipa fadhila?

Ndiyo. Mwaka 1996 Bishop Auckland ilikuwa hatarini kufilisika kutokana na dai la mchezaji aliyeumia, na United wakaja kucheza mechi ya kirafiki ili mapato yasaidie klabu isife. Miaka 38 ilikuwa imepita tangu yale ya swali la 11.

17. Je, ni klabu ya ridhaa iliyofanikiwa kuliko zote?

Ndani ya England, kwa Kombe la Ridhaa, hakuna ubishi. Ukivuka mpaka kwenda Scotland ubishi unaanza. Queen's Park ya Glasgow ilitwaa Kombe la Scotland mara 10 ikiwa ya ridhaa, ikafika fainali za Kombe la FA la England 1884 na 1885, na ilidumu kuwa ya ridhaa hadi 2019. Mtetezi wa Bishop Auckland atakuambia makombe ya Queen's Park ni ya karne ya 19, wakati wapinzani walikuwa bado wanajifunza. Mtetezi wa Queen's Park atakuambia lao lilikuwa kombe la wote, siyo la wasiolipwa peke yao. Mimi nasimama na wa pili, na nimeshagombana na watu kwa hilo.

18. Bob Hardisty ana kumbukumbu yoyote mjini?

Ana barabara. Inaitwa Bob Hardisty Drive, na watu hupita hapo kila siku wakienda madukani.